Kanda za Alhamisi

Rayya binti Hamud, mkaguzi wa kompyuta aliyetumwa kutoka Maskati, aliomba kiti, akaomba mlango ufungwe, na alipopewa vyote viwili akauliza swali lake la kwanza.

"Kanda iko wapi?"

Bwana Mundhir, mkurugenzi wa ofisi, alifungua droo na kuitoa kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika panya mkia. Kilikuwa kisanduku cha plastiki nyeusi kinachoenea kiganjani, kimebandikwa karatasi yenye neno moja: Alhamisi.

"Hii ndiyo aliyoiharibu," alisema.

"Nani?"

"Azzan, fundi wetu. Si nilikueleza kwenye simu?"

"Kwenye simu ulinieleza kwamba kanda haisomeki. Habari ya nani ameifanya isisomeke bado hatujaifikia."

Bwana Mundhir alivuta pumzi, akaanza upya, safari hii kwa utaratibu. Ofisi yake ilitunza daftari la falaji ya Al-Misfar, ule mfereji unaoteremka kutoka mlimani na kugawanywa kwa saa na nusu saa kati ya mashamba ya mtaa wa juu na mtaa wa chini. Kwa miaka mingi zamu hizo zilikaa vichwani mwa wazee. Wa mwisho kuzijua zote alikuwa Mzee Nabhan, naye alikubali kukaa na karani siku kumi azitaje moja moja ziingizwe kwenye mashine. Alhamisi asubuhi alitaja sehemu kumi na mbili za mtaa wa juu, akamaliza kazi. Ijumaa alianguka, nusu ya mwili ikafa ganzi na ulimi ukafungwa. Jumamosi diski ya seva nayo ikafa.

"Kila siku saa kumi na mbili jioni seva inajinakili yenyewe kwenye kanda," alisema Bwana Mundhir. "Tuliweka diski mpya, tukarudisha kanda za hadi Jumatano. Yote yamekuja. Jana asubuhi tukatia ya Alhamisi, ikakataa. Sehemu kumi na mbili hazipo. Na mtaa wa chini wameshaanza kusema saa hizo hazikuwahi kuwa za wenzao."

"Na Azzan?"

"Mama yake ni wa mtaa wa chini."

"Ndiyo ushahidi wote?"

"Chumba cha seva kinafunguliwa kwa kadi mbili tu. Yangu na yake. Yangu haijatoka mfukoni." Akagonga bahasha iliyokuwa mezani. "Barua ya polisi hii hapa. Saa saba mchana dereva anaipeleka."

Rayya alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu kamili asubuhi ya Jumatatu.

"Basi nina saa nne," alisema, akanyanyuka.

Azzan alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, mahali ambapo kila anayeingia lazima ampite. Kijana wa miaka ishirini na sita, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kofia ya kushonwa kwa mkono, mikono juu ya magoti. Alikuwa amenyang'anywa kadi Jumapili asubuhi kabla hajafika hata mezani kwake, na tangu hapo kazi yake ilikuwa kukaa hapo. Wenye mashamba waliokuja kuuliza zamu zao walikuwa wakimtazama, kisha wakisalimiana na ukuta.

Rayya hakuanza na yeye. Alianza na mashine.

Chumba cha seva kilikuwa kidogo kuliko jiko: kabati moja la chuma, kiyoyozi kinachonguruma, meza yenye skrini. Alifungua orodha ya kazi za jioni, akachukua kijitabu chake na kunakili. Jumapili, imefaulu. Jumatatu, imefaulu. Jumanne, imefaulu. Jumatano, imefaulu. Alhamisi, imeshindwa. Akarudi nyuma wiki moja, mambo yakawa yale yale. Akarudi mbili, tatu, nne. Alipofika mwisho alikuwa amehesabu Alhamisi kumi na moja mfululizo. Kabla ya hizo, kwa muda wa miaka miwili, hakukuwa na hata moja.

Aliyapima makosa ya kawaida kwanza. Ratiba: kazi ilianza saa kumi na mbili kamili, hata Alhamisi. Akaikata. Kanda mbovu: namba za kanda zilionyesha kuwa kanda ya Alhamisi ilikuwa imebadilishwa mara nne, na kanda nne mpya haziwezi kuharibika kwa zamu. Akaikata. Umeme: betri ya akiba haikuwa imeandika kukatika hata kwa sekunde. Akaikata. Halafu akasita kwenye ukubwa wa kazi. Siku nyingine mashine ilinakili mabadiliko ya siku hiyo tu, Alhamisi ilinakili kila kitu. Huenda kanda ilijaa. Lakini kila Jumapili asubuhi, ila ya jana, Azzan alikuwa ameirudia kazi ya Alhamisi kwa mkono, nzima nzima, na kila mara ilifaulu kwa mpigo mmoja. Akaikata hiyo pia.

Chini yake akaandika: Ratiba nzima, kanda nzima, umeme mzima. Inayougua ni Alhamisi yenyewe.

Kulikuwa na jambo jingine dogo. Kila Jumapili, kabla ya kurudia kazi, mashine ilikuwa imeandika neno "kusafishwa." Akalizungushia duara, akatoka kumwita kijana.

"Wewe ndiye Azzan?"

"Ndimi, Bi Rayya."

"Kaa. Mbona unaisafisha mashine ya kanda kila Jumapili?"

"Taa ya njano huwa inawaka. Ikiwaka maana yake kichwa cha kusomea kimechafuka, inaomba kanda ya kusafishia. Natia, inajisugua dakika nne, naitoa."

"Zamani taa hiyo ilikuwa inawaka kila baada ya muda gani?"

"Miezi mitatu. Minne."

"Na hukujiuliza?"

"Nilijiuliza. Nilimwandikia Bwana Mundhir mara tatu kwamba mashine ya kanda inazeeka, tununue nyingine."

"Akasemaje?"

"Akasema na yeye anazeeka, mbona hajanunuliwa mwingine."

Rayya aliandika jibu hilo kama lilivyo.

"Alhamisi mchana huwa uko wapi?"

"Nampeleka mama hospitali kusafishwa damu. Nina ruhusa, iko kwa maandishi."

"Unatoka saa ngapi?"

"Saa saba na robo. Saa saba na dakika ishirini, nikichelewa."

"Kitabu cha mlinzi wa geti kinasema hivyo hivyo. Sasa nisaidie. Mlango wa chumba hiki unasema kadi yako imeufungua kila Alhamisi saa saba na dakika arobaini. Wewe ukiwa njiani na mama."

Azzan alitazama viganja vyake.

"Ulimpa nani kadi, mwanangu?"

"Sikumpa mtu."

"Kadi ilitembea peke yake?"

Azzan aliokota uzi kwenye kanzu yake.

"Kumpa mtu kadi ni kufukuzwa kazi," alisema Rayya. "Najua, nimesoma kanuni zenu ukutani. Lakini wewe saa saba hutafukuzwa, utapelekwa polisi. Umelielewa hilo?"

"Nimelielewa."

"Na bado hukumpa mtu."

"Bado sikumpa mtu, Bi Rayya. Nisamehe."

Alimruhusu arudi kwenye benchi. Mtu mwenye hatia, kwa uzoefu wake, alikuwa na hadithi ndefu tayari. Huyu hakuwa na hata fupi. Alikuwa akimficha mtu, na mtu huyo hakuwa adui yake.

Rayya aliegemeza kichwa kwenye ukuta kutafakari, na hapo ndipo macho yake yalipofika darini. Juu ya kabati kulikuwa na kifaa cha kunusa moshi, kile cha mviringo kinachopiga king'ora moto ukitokea. Kilikuwa kimevikwa kofia ya plastiki ya kuogea, ya waridi, yenye vimaua vidogo, ukingo wake wa mpira umekaza barabara.

Alipanda juu ya kiti, akaivua, akaitia kwenye mfuko wa ushahidi. Mtu huziba pua ya kifaa kama hicho kwa sababu moja tu: anajua kwamba moshi utakuja.

Akafungua ubavu wa mashine ya kanda. Ndani kulikuwa na feni ndogo inayovuta hewa ya chumba kuipoza mitambo, na mbele ya feni wavu mwembamba. Alipitisha pamba juu ya wavu. Ilitoka na rangi ya chai ya rangi, na ilinata kwenye kidole.

Vumbi halinati. Ulikuwa ni moshi uliopoa.

"Nani anavuta sigara hapa ofisini?" alimwuliza Bwana Mundhir, akisimama mlangoni pake.

"Mmoja tu, na siku moja mapafu yake yatanidai pensheni. Harith, karani. Ndiye aliyeandika maneno ya Mzee Nabhan."

Harith alipatikana nyuma ya jengo, kwenye jua kali, ameegemea tangi la maji na sigara imefichwa ndani ya ngumi. Alikuwa mtu wa maneno mengi na ndevu chache.

"Aa, Maskati wamekuja!" alisema. "Umekuja kunikamata mimi au umekuja kuomba moto?"

"Inategemea majibu yako. Unavuta wapi mchana wa Alhamisi?"

"Hapa hapa, kama mwizi wa mbuzi. Bwana Mundhir akinikuta na sigara ndani atanizika na kanzu yangu."

"Chumba cha seva kina baridi nzuri. Hakina dirisha."

"Na hakina kadi yangu. Bibi, mimi wananipa kadi ya choo tu, na hiyo nayo wananihesabia."

"Kofia hii ni yako?"

Harith aliutazama mfuko wenye kofia ya waridi, akacheka mpaka akakohoa.

"Nina kipara, bibi. Nifunike nini?"

"Wewe ni wa mtaa gani?"

"Wa juu. Sehemu ya nne katika zile kumi na mbili ni ya baba yangu." Kicheko kilimwisha. "Niliandika kwa mkono wangu huu, mzee anataja, mimi naandika. Alipofika sehemu ya tisa alisimama, akanywa maji, akaniambia niandike kwamba robo saa ya yule mjane inaanza kabla ya alfajiri, wasije wakamwambia ni baada. Nimekumbuka hilo moja. Mengine yote yamenitoka. Unadhani ningeyachoma maji ya baba yangu mwenyewe?"

Rayya hakudhani hivyo. Saa saba na dakika arobaini za kila Alhamisi, alivyokuwa ameshaona kwenye kitabu cha mihuri, Harith alikuwa dirishani akigonga mihuri, mmoja kila baada ya dakika mbili. Lakini ule moshi bado ulikuwa na mwenyewe.

"Niazime kiberiti chako cha gesi," alisema.

Aliichukua ile pamba kwa kibanio na kuisogeza juu ya moto, si kuiunguza, kuipasha tu. Uzi mweupe wa moshi ulipanda kati yao. Harith aliunusa.

"Mbona inanukia kama sebuleni kwetu?" alisema.

Ulikuwa ubani. Ubani safi wa Dhofari, ule wa matone meupe.

Rayya aliinua ukingo wa shela lake na kuunusa. Harufu ilikuwa ile ile. Alikuwa ameifukiza nguo yake alfajiri kabla ya kuondoka nyumbani, kama kila siku, kama kila mtu katika jengo lile. Alikuwa amekaa saa nzima ndani ya chumba kilichojaa ushahidi na pua yake haikumwambia kitu, kwa kuwa aliingia nao nguoni.

"Nani anafukiza ubani ofisini?" aliuliza.

"Hilo nalo ni swali? Mama Zuwaina."

Mama Zuwaina, mhudumu wa ofisi kwa miaka kumi na tisa, alikuwa na chumba chake kidogo mwisho wa korido, kati ya stoo na choo. Alikuwa akisuuza mataulo. Juu ya rafu kulikuwa na chetezo cha udongo cha kufukizia, chenye michoro ya buluu na nyekundu, kikubwa kuliko kawaida.

"Karibu, mwanangu. Umekula?"

"Alhamdulillahi. Chetezo chako kizuri, mama."

"Sema mashaallah."

"Mashaallah. Kofia hii ni yako?"

"Ee, ndiyo! Umeniokotea wapi?" Akaipokea, akakumbuka ilikuwa wapi, akaishikilia tu mkononi.

Rayya alikaa kwenye kigoda bila kualikwa mara ya pili.

"Unafukiza siku gani, mama?"

"Alhamisi. Ofisi inafungwa siku mbili, haiachwi hivi hivi kama zizi. Tangu nilipoajiriwa."

"Vyumba vyote?"

"Vyumba vya watu. Cha mashine nilikuwa napita mlangoni tu."

"Ulikuwa. Na siku hizi?"

"Siku hizi ndicho naanza nacho." Aliweka taulo chini. "Walikuja wale wageni wenu wa Maskati, wanaume wanne. Wakasimama mbele ya lile kabati. 'Lo! Mashine gani hii! Katika kiofisi kama hiki!' Hata mmoja hakutaja jina la Mungu. Kesho yake asubuhi mashine ikalala, haikuamka mpaka adhuhuri. Kila mtu alijua ni jicho la hasidi. Bwana Mundhir akaniita mwenyewe. Akaniambia, 'Zuwaina, kuanzia Alhamisi hii usiache hata chumba kimoja.' Nikamwuliza, hata cha mashine? Akasema, hicho ndicho uanze nacho, na usikifanyie ubahili."

"Ukakiingiza chetezo ndani."

"Nakiweka chini ya kabati, nafunga mlango, harufu ishike. Mara ya kwanza king'ora kililia nusura nife. Ndiyo nikakivika kofia."

"Kadi ya mlango?"

Mama Zuwaina aliliokota taulo tena.

"Azzan," alisema Rayya.

"Alisema nisimwambie mtu. Kadi yangu haifungui pale. Ananiachia yake akienda kwa mama yake, Jumapili alfajiri namrudishia getini." Sauti ilishuka. "Amekaa benchini kwa sababu hiyo?"

"Amekaa benchini kwa sababu kanda za Alhamisi hazisomeki. Moshi wa ubani ni utomvu, mama. Ukipoa unageuka gundi. Feni ya mashine inauvuta ndani, unaganda kwenye kichwa cha kusomea na kuandikia. Jioni hiyo mashine inaanza kuandika, inafika mahali haioni tena, inaacha."

"Mimi nilikuwa nailinda."

"Najua."

"Kwa Mungu, nilikuwa nailinda."

"Najua, mama. Na wewe hukuamka tu ukajiamulia."

Mama Zuwaina alisimama, akakishusha chetezo kutoka kwenye rafu, akakifunika taulo. Kisha akabaki nacho mikononi, hajui akiweke wapi.

Rayya alipitia mapokezi kwenye kitabu cha wageni. Wageni wanne kutoka Maskati, siku ya Jumanne. Alihesabu kwa kidole kwenye kalenda. Alhamisi iliyofuata ilikuwa ya kwanza katika zile kumi na moja.

Ilikuwa saa tano kasorobo alipoingia tena kwa Bwana Mundhir.

"Namtaka Azzan ndani ya chumba cha seva," alisema.

"Haiwezekani. Mtuhumiwa hashiki ushahidi."

"Ataushika mimi nikiwa nyuma yake. Nijibu moja: jana mlipotia kanda ya Alhamisi, taa ya mashine ilikuwa na rangi gani?"

"Taa? Ya njano. Ndiyo ilivyo siku zote Jumapili."

"Siku zote Jumapili, mpaka Azzan afike aisafishe. Jana hamkumngoja. Kanda za nyuma ziliandikwa na kichwa safi, zikasomeka kwa taabu; ya Alhamisi mmeitia kwenye mashine isiyoona, ikashindwa kusoma, mkasema kanda ndiyo mbovu, mkamnyang'anya kadi getini."

Bwana Mundhir alitazama bahasha. Aliitazama kama kitu kilichowekwa mezani na mtu mwingine.

"Ninyi wataalamu," alisema mwishowe. "Haya. Lakini saa saba ni saa saba."

Azzan aliingia akiwa amevua viatu, kwa mazoea. Rayya hakumweleza chochote ila kwamba Mama Zuwaina amesema yote mwenyewe. Kijana alifumba macho kidogo, akayafumbua, akaanza kazi. Alifuta wavu wa feni kwa pamba na spiriti. Alitia kanda ya kusafishia. Mashine ilisugua, ikatulia. Taa ya njano bado iliwaka.

"Mara nyingine inataka mbili," alisema.

Akaitia tena. Dakika nne zilipita. Taa ilizimika.

"Ile kazi ya Alhamisi ilishindwa ikiwa imefika wapi?" aliuliza Rayya.

"Asilimia sitini na mbili. Nimeisoma kwenye simu usiku ule ule, lakini nilijua Jumapili nitairudia."

"Na maneno ya Mzee Nabhan yako wapi? Kabla ya sitini na mbili au baada?"

Azzan alitia kanda ya Alhamisi kwanza, akasikiliza ikinaswa ndani, ndipo akajibu.

"Tangu mzee alipoanza kutaja niliipanga foleni upya. Daftari la maji linaandikwa la kwanza. Ramani, picha na barua za ofisi zinafuata. Vitu vingine vyote mtu anaweza kuvifanya tena."

"Nani alikuagiza?"

"Hakuna aliyeniagiza."

Mashine ilianza kusoma. Mstari wa kijani ulitambaa kwenye skrini, ukasimama kwenye asilimia tisa kwa muda uliomfanya Azzan aume mdomo, ukaendelea. Rayya alimtuma mtu akamwite Harith. Ilipofika saa sita na dakika ishirini faili lilifunguka, na karani akainama juu ya bega la fundi, akisoma kwa sauti na kukunja vidole.

"Ya kwanza, wana wa Shamis. Ya pili. Ya tatu. Ya nne, baba yangu huyo, Mungu amweke. Ya tano..." Alipofika ya tisa aliligusa neno kwa ukucha. "Kabla ya alfajiri. Hii hapa. Kabla ya alfajiri." Akamaliza zote kumi na mbili, akampiga Azzan kofi la mgongoni lililomtoa kofia. "We mtoto wa mtaa wa chini! Umeturudishia maji!"

Kanda ilikwama kwenye asilimia sitini na mbili, kama ilivyoandikwa. Kilichopotea kilikuwa ramani mbili zilizokuwa na nakala za karatasi, na barua za mkurugenzi za siku moja.

Rayya aliandika ripoti yake kwa mkono, ukurasa mmoja, akaiweka mbele ya Bwana Mundhir juu ya ile bahasha. Alimwacha aisome. Alisoma polepole, na alipofika kwenye chetezo masikio yake yalipata rangi.

"Kwa hiyo ni Zuwaina," alisema.

"Soma mstari unaofuata."

Aliusoma.

"Hili la nani aliagiza," alisema, "lina ulazima? Andika tu kosa ni la ofisi."

"Ofisi haina mdomo, Bwana Mundhir. Haikusema 'hicho ndicho uanze nacho.'"

"Nilikuwa na nia njema."

"Na yeye pia. Na kijana pia, aliyemwachia kadi. Mlikuwa watatu wenye nia njema, na mmoja peke yake ndiye aliyekaa benchini."

Bwana Mundhir aliitoa barua ndani ya bahasha, akaichana mara mbili, akatia vipande mfukoni. Kisha akachukua kalamu na kusaini ripoti chini ya jina lake, mahali palipoandikwa "aliyeagiza." Saini ilikuwa ndogo kuliko zake za kawaida.

"Kadi yake atarudishiwa sasa hivi," alisema. "Nitamwita hapa, nitamwambia mwenyewe. Tutamaliza kimya kimya."

"Hakukalishwa hapa ndani," alisema Rayya. "Alikalishwa koridoni siku mbili, mbele za watu."

Nje sauti za wenye mashamba zilikuwa zimezidi, kwa kuwa Harith hakuweza kukaa na habari. Korido ilijaa, mtaa wa juu upande huu, mtaa wa chini upande ule, na Azzan alikuwa amerudi kukaa kwenye benchi lile lile, kwani hakuna aliyekuwa amemwambia aondoke.

Bwana Mundhir alitoka. Aliingia chumba cha Mama Zuwaina, akatoka na birika la kahawa mkono wa kushoto na vikombe vidogo mkono wa kulia. Mama Zuwaina alimfuata mbio akitaka kumpokonya, maana mkurugenzi hakuwahi kummiminia mtu katika jengo lile, naye akamkatalia kwa kichwa. Watu walimpisha, akaenda moja kwa moja mpaka kwenye benchi, akasimama mbele ya fundi wake, akamimina.

Azzan alipokea kwa mkono wa kulia. Alikunywa, akarudisha kikombe. Mgeni aliyetosheka hukitikisa kikombe anapokirudisha, na kabla ya hapo anayemimina haondoki. Azzan hakukitikisa.

Bwana Mundhir alimimina cha pili. Wazee wa mtaa wa juu walikuwa wakitazama, na wa mtaa wa chini, na mlinzi wa geti aliyeacha geti. Azzan alikunywa bila haraka, akakirudisha, mkono umetulia kama jiwe. Mkurugenzi alimimina cha tatu. Jasho lilimtoka chini ya kilemba. Birika lilikuwa zito, lakini hakuinua macho wala hakuondoka.

Cha nne Azzan alikinywa mpaka tone la mwisho, akamtazama usoni, akakitikisa.